Binti wa Chongjin

Bibi Bunnyo alikuwa amefunga kifurushi chake tena. Unsim alimkuta ameketi kizingitini, viatu miguuni, kifurushi cha kitambaa cha kijivu mapajani, anaitazama barabara kama mtu aliyeambiwa gari linafika sasa hivi.

"Mama, safari ya wapi tena asubuhi yote hii?"

"Nyumbani."

"Hapa ndiyo nyumbani, mama."

"Hapa?" Bibi kizee aligeuza shingo, akaikagua sebule ya mwanawe, jokofu, runinga, kalenda ya duka la samaki. "Hapa ni kwa watu."

Tangu mvua zianze ilikuwa hivyo kila kukicha. Daktari alisema akili ya bibi inarudi nyuma, na ilivyorudi nyuma ilirudi na lugha yake. Alianza kuongea kama watu wa Hamgyong, mkoa wa kaskazini alikozaliwa na alikopakiwa melini akiwa mtoto, mwaka ule wa vita: maneno mazito yanayopanda ghafla mwishoni, kana kwamba msemaji anagombana. Gwangsik, mwanawe, aliyezaliwa hapa Sokcho, aliyashika nusu nusu. Myongsuk, binti mkubwa, aliyaonea haya. Aliyeyaelewa yote, matusi na mafumbo yake, alikuwa mke wa Gwangsik. Na yeye ndiye aliyejifanya haelewi hata moja.

Mtaani Unsim alijulikana kuwa Mkorea wa Uchina, mmoja wa wale wanawake wanaovuka kuja kuosha vyombo kwenye mikahawa na wakibahatika wakaolewa. Gwangsik peke yake ndiye aliyejua kwamba mkewe alizaliwa Chongjin, huko huko Hamgyong, na kwamba alivuka mto wa mpakani barafu ikiwa tayari inapasuka. Kwao walitoa taarifa kuwa amekufa maji. Ilikuwa salama hivyo. Aliyekufa maji hana kosa. Aliyekimbilia kusini, kosa lake hulipwa na waliobaki. Waliobaki walikuwa mama yake na mdogo wake wa kiume.

"Tumpeleke mnarani," Myongsuk alisema Jumapili ile, akiwa amesimama katikati ya jiko la mkahawa wa familia, mikono kiunoni. "Pale Goseong, kwenye mpaka. Aone huko kwao kwa darubini, roho itulie. Mama wa rafiki yangu alipelekwa, akarudi akalala kama mtoto mchanga."

"Unsim atabaki na duka," Gwangsik akasema haraka.

"Abaki na duka halafu nani atamshika mama chooni? Wewe?" Myongsuk akamgeukia wifi yake aliyekuwa akishindilia wali kwenye ngisi. "Au wifi unaogopa askari? Si una kitambulisho? Au ulinunua?"

Akacheka mwenyewe. Unsim naye akacheka kidogo, kama alivyojizoeza, akafunga mdomo wa ngisi kwa kijiti.

"Nitakuja, dada," akasema.

*

Foleni ya magari kwenye kizuizi ilikwenda taratibu. Mbele yao barabara ilipita katikati ya mabonge makubwa ya zege, ya kuangushwa barabarani vifaru vya kaskazini vikija. Askari kijana mwenye chunusi alipokea vitambulisho vinne dirishani. Vitatu akavirudisha palepale. Cha Unsim akaingia nacho kibandani.

"Nilijua," Myongsuk alisema kutoka kiti cha nyuma. "Hawa wa Uchina lazima wachunguzwe mara mbili. Wifi, usije ukatugeuzia gari hapa na mama tumeshamvalisha."

Gwangsik alikaza mikono kwenye usukani. Unsim alitazama mlango wa kibanda.

Hapo ndipo waliposikia ile sauti. Ilitoka nyuma ya vilima, ikija na upepo: chuma kikikwaruzwa juu ya chuma, kisha kitu kama mbwa wengi wakilia, kisha kicheko cha mwanamume kilichovutwa polepole mpaka kikawa mngurumo.

"Wanachinja nini huko?" Bibi Bunnyo aliuliza.

"Ni majirani wa kaskazini, bibi," askari alisema, akirudi. "Wamefungulia vipaza sauti tangu wiki iliyopita. Wanataka tusilale." Akamkabidhi Unsim kitambulisho chake, akimtazama usoni kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Samahani mama, mashine ilikwama. Kaka, msishuke garini mpaka mfike juu. Na huko juu msiguse seng'enge. Mvua imesogeza udongo, na udongo umesogea na vilivyomo."

Njia nzima kulikuwa na vibao vya pembetatu vyekundu, vimening'inia kwenye waya kama nguo zilizosahauliwa. Bibi Bunnyo alikuwa akivisoma kimoja kimoja kwa sauti: "Mabomu. Mabomu. Mabomu." Myongsuk alimwomba anyamaze.

*

Juu ya kilima, bahari ilikuwa upande wa kulia na milima ya Kumgang mbele, na kati yake ufuko mrefu mweupe usio na hata alama ya mguu. Watu walipanga mstari kwenye darubini. Wengine walikula mahindi ya kuchemsha. Kelele za ng'ambo zilikuwa wazi zaidi hapa, na kila zilipopanda, watu walicheka kidogo kisha wakaacha.

"Unaweza kuangalia," Gwangsik alimnong'oneza mkewe. "Kuangalia si kosa."

"Nikiangalia nitasema kitu."

Akabaki ameipa mgongo milima ya kwao, akimfungia mama mkwe vifungo vya sweta.

Bibi Bunnyo aliwekwa kwenye darubini. Aliinama muda mrefu. "Hakuna watu," akasema.

"Wapo mama, ni mbali tu," Myongsuk alijibu.

"Gati liko wapi? Mama kasema nimngoje gatini."

"Gati la Hungnam mlikopandia meli halionekani kutoka hapa, mama. Ni mbali sana huko."

Bibi kizee aliinua uso. Hakuonekana kuridhika.

Kijana mmoja mnene mwenye kofia nyekundu, simu yake juu ya fimbo, alikuwa akizunguka akiongea na watazamaji wake. Alipoona mvi na kifurushi akasogea upesi. "Bibi yetu, shikamoo! Wewe umetoka kule?"

"Katoka Hamgyong!" Myongsuk alidakia, akitengeneza nywele. "Alikuja na meli za vita. Mimi ndiye binti yake mkubwa. Yule kaka yangu mdogo, tuna mkahawa wa ngisi kule Sokcho, karibuni sana. Na huyo ni wifi yangu, katoka Uchina, tumemchukua hivyo hivyo alivyo."

Fimbo ikageuka kwa Unsim. Unsim akavuta kofia mpaka puani, akageuza uso.

"Mbona anajificha?" kijana akacheka. "Wifi, wasalimie mashabiki!"

"Mwache, ndivyo walivyo watu wa huko. Washamba."

Unsim aliinama kama anayeomba radhi, akaondoka akaingia vyoo vya wanawake. Akajifungia. Alikaa huko akisikiliza kicheko kile cha mwanamume kikivutwa nyuma ya ukuta, akingoja kofia nyekundu iondoke. Alimwacha mama mkwe mkononi mwa Myongsuk, na Myongsuk alikuwa akiielezea kamera jinsi ngisi wanavyoshindiliwa.

Alipotoka, watu walikuwa wakikimbia.

*

Nyuma ya maegesho mvua ilikuwa imelaza nguzo mbili za uzio, na seng'enge ilikuwa imelala chini kwenye tope, rahisi kuvukwa na mtoto. Au na bibi mdogo wa mwili. Chini yake mteremko ulikuwa wa nyasi za kufika kiunoni. Katikati ya nyasi hizo kichwa cheupe kilikuwa kinakwenda kaskazini, polepole, bila wasiwasi.

"Mtu asisogee!" Sajini alikuwa amewakingia watu mikono. "Asisogee mtu! Pale pote ni mabomu!"

Askari wawili walikuwa wamemkamata Gwangsik, mmoja kila mkono. "Mama! Mama, ni mimi! Gwangsik!" Sauti yake ilikuwa imekwisha kupasuka. "Mama, geuka!"

Bibi Bunnyo hakugeuka. Yule aliyekuwa akitembea kule chini hakuwa na mwana anayeitwa Gwangsik. Alikuwa mtoto mwenyewe, na mama yake alikuwa akimngoja. Askari mmoja akaleta kipaza sauti cha mkononi, akaamuru: "Bibi, simama! Simama mara moja!" Kusikia sauti ya jeshi, kichwa cheupe kikainama na kuongeza mwendo.

"Zima hicho, zima!" Sajini akamnyang'anya. Akamgeukia Gwangsik, uso umemtoka rangi. "Kikosi cha mabomu kinakuja, lakini wako chini bondeni. Mtafuteni anayeweza kumsimamisha. Asimame tu. Asiinue mguu."

Myongsuk alikuwa amekaa chini kwenye lami, viganja mdomoni.

Unsim alisimama nyuma ya watu. Aliiona simu juu ya fimbo, imenyanyuliwa kupita vichwa vyote. Aliona na simu nyingine, nyingi. Alimfikiria mama yake akiwa amejikunyata mbele ya sufuria ya tofu. Aliona mama mkwe wake anainua mguu, anaukanyagisha, anainua mwingine. Akasukuma watu mpaka mbele, akavua kofia asijue kwa nini anaivua, akapaza sauti.

"Amae! Wee amae! Unakwenda wapi na hicho kifurushi?"

Amae ni bibi, kwa watu wa Hamgyong. Kusini halisemwi. Watu walimgeukia wote kwa pamoja, Gwangsik naye, na uso wa Gwangsik ulikuwa wa mtu anayeona gari likiacha barabara.

Kule chini, Bibi Bunnyo alisimama.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kwenu!"

"Mwongo! Watu wa kwetu wameshapanda meli!"

"Mimi nimebaki! Nimetumwa kukuchukua!"

"Binti wa nani wewe?"

"Wa Hungnam! Wa huko huko kwenu!"

"Hungnam nawajua wote!" Sauti ya bibi ilikuwa ya hasira, nyembamba, ya msichana. "Na wa Hungnam hawasemi hivyo! Mwongo wewe!" Na mguu ukainuka.

Angeweza kutaja jina lolote. Baadaye, akiwa kitandani, angeyapanga majina kumi ya uongo ambayo yangetosha. Lakini mguu ulikuwa hewani, na kilichokuwa karibu na ulimi kilikuwa cha kweli.

"Wa Chongjin! Mimi binti wa Chongjin, amae! Nyuma ya soko la Sunam, kwa Ri Kumnyo muuza tofu, yule mwenye kidole kilichokatika!"

Mguu ukashuka. Ukashuka palepale ulipotoka.

"Chongjin," Bibi Bunnyo alisema, kama anayeonja. "Haya. Ndivyo mnavyoongea, wa Chongjin. Kama mnakoroma." Mtu mmoja kwenye umati akacheka, akanyamazishwa. "Sasa wataka nini?"

"Kaa chini! Hapo hapo ulipo, usisogee. Kaa tule, halafu twende wote."

"Una nini cha kula?"

"Samaki wa kuchachua!"

"Wa mtama?"

"Wa mtama, amae. Na pilipili ya kutosha."

Bibi kizee alifikiri. Kisha akajishusha taratibu, akatoweka kwenye nyasi, likabaki fundo la kifurushi cha kijivu tu likionekana. Watu wakashusha pumzi.

"Eleza ulivyomtengeneza!" sauti ikatoka nyasini.

Basi Unsim akaeleza. Akasimama mbele ya wageni na askari na simu zao, akapaza sauti ya kwao aliyoizika tangu alipovuka mto, akaeleza jinsi samaki bapa anavyotiwa chumvi, anavyoanikwa, mtama unavyopikwa usilainike sana. Bibi akambishia kuhusu figili. Akabishana naye. Kila bibi alipotaka kuinuka akamzulia jambo jingine. Wanaume wa kikosi cha mabomu walipoanza kushuka, fimbo zao mbele, hatua kwa hatua, alikuwa amefika kwenye harusi ya jirani na koo lilikuwa limemkauka kabisa. Askari mmoja alimbeba bibi mgongoni, akirudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe.

*

Gwangsik alimkumbatia mama yake akalia bila kujizuia. Bibi alimuuliza kwa upole yeye ni mtoto wa nani.

Myongsuk alikuwa amesimama mbele ya Unsim. "Kumbe," akasema. "Kumbe Chongjin! Umekula mezani kwangu, umeniita dada, kumbe miaka yote hii unatuchezea shere? Na wewe Gwangsik ulijua?"

"Dada, nyamaza."

"Ninyamaze? Watu wote wamesikia, mimi peke yangu ndiye ninyamaze?"

"Dada!" Gwangsik alimshika bega, akamvuta sikio lake karibu na mdomo. "Kule wanajua amekufa. Mama yake yupo. Mdogo wake yupo. Amemtaja mama yake kwa jina, umesikia? Amemtaja na kidole."

Myongsuk alimtazama wifi yake. Kisha akaitazama kofia nyekundu. Alikuwa mwanamke ambaye sokoni humfanya muuzaji arudie kupima mara tatu, na ambaye hajawahi kumwambia mtu samahani pasipo kumtania juu yake. Alikwenda mpaka kwa yule kijana, akapiga magoti kwenye lami iliyolowa.

"Mwanangu, futa."

"Ah, mama mkubwa, inuka bwana, watu wanaangalia."

"Futa nitainuka."

"Si kwamba sitaki." Kijana alikuwa ameanza kuona haya, aliishusha fimbo. "Ilikuwa inakwenda moja kwa moja, mama. Watu wameshaiona. Wameshaikata vipande, wanasambaza. Nikifuta yangu zimebaki zao." Akamwonyesha kioo, maneno yakipanda juu yake bila kukoma. "Lakini wanamsifu! Soma mwenyewe. Wanasema wifi yako ni shujaa."

Unsim alisikia neno hilo, akakaa kwenye ngazi ya gari.

Ng'ambo ya vilima vipaza sauti vilikuwa vimenyamaza. Hakuna aliyeweza kukumbuka vilinyamaza wakati gani.

*

Video ilionyeshwa kwenye taarifa ya habari. Wateja walikuja mkahawani kutoka miji ya mbali, wakala ngisi, wakauliza kama wanaweza kupiga picha na mama wa Chongjin. Gwangsik aliwajibu kuwa hayupo. Unsim alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akisikiliza.

Polisi wa kitengo cha watu waliotoka kaskazini alipita akawaambia wasifungue mlango kwa wasiyemjua. Myongsuk sasa alikuja kila siku. Hakuomba radhi. Aliosha vyombo, akamwogesha mama yake, na siku mteja mmoja aliposema kwamba hawa watoro wanapendwa kuliko wenye nchi, alimrudishia sahani yake jikoni kabla hajamaliza akamwonyesha mlango.

Mwanamke wa Yanji, upande wa Uchina, aliyekuwa akipitisha habari za nyumbani, hakupokea simu. Unsim alijaribu asubuhi, akajaribu mchana. Iliita, ikaacha kuita. Majani ya milimani yakageuka mekundu, yakaanza kuanguka.

Mwanamke yule alipiga mwenyewe, alasiri moja, wakati Unsim na Bibi Bunnyo wamekaa sakafuni wanamenya vitunguu saumu vya kimchi, kabichi ya kuchachua ya majira ya baridi.

"Usitaje jina langu," sauti ilisema. "Sikiliza tu. Waliwaita ofisini, mama yako na mdogo wako. Wakamwonyesha mama yako ile picha inayotembea. Wakamuuliza, nani huyu anayekutaja wewe na kidole chako?"

Unsim aliacha kumenya.

"Akatazama mpaka mwisho. Akasema, wangu alikufa maji, na mwili hatukuupata. Huyu simjui. Wakamwambia tazama tena. Akatazama tena. Akasema, wangu alikuwa na kisauti kidogo, hata tofu hakuweza kunadi. Huyu anapiga kelele kilima kizima kinasikia. Huyu si wangu."

"Wakamwamini?"

"Yeye wamemrudisha nyumbani." Upepo ukapita kwenye simu. "Mdogo wako hajarudi bado."

"Bado tangu lini?"

"Namba hii naitupa leo. Usinitafute."

Simu ikakatika. Unsim aliishika sikioni mpaka kioo kikazimika, kisha akaishusha, akaiweka kando ya bakuli.

"Nani huyo?" Bibi Bunnyo aliuliza.

"Ni habari za mama, amae."

"Anasemaje?"

Unsim aliokota punje ya kitunguu saumu. "Anasema hanijui."

Bibi kizee aliendelea kumenya punje iliyokuwa mkononi, taratibu, mpaka ganda la mwisho likatoka. Akaitia bakulini.

"Basi yu hai," akasema, akachukua nyingine.